Mary Rose: ilizamishwa na Wafaransa, au ilipinduka yenyewe?

Tezi_na_Omo

Wakuu, salaam. Naomba wanaoifahamu vizuri Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza, wanisaidie kupanga hoja, maana maelezo yanayozunguka yanagongana.

Yasiyo na ubishi ni haya: ilijengwa Portsmouth, Uingereza, kuanzia 1510, ikashushwa majini 1511, ikatumika miaka 34, na ikazama tarehe 19 Julai 1545 kwenye mlangobahari wa Solent ikiwa vitani na Wafaransa, mfalme Henry VIII mwenyewe akitazama kutoka ngome ya Southsea. Baada ya hapo kila mtu na lake. Martin du Bellay, Mfaransa, ameandika kwamba ni mizinga yao iliyoizamisha. François van der Delft, balozi wa Kaizari Charles V, aliandika siku chache baada ya tukio, akimnukuu baharia Mflemi (mtu wa Flanders) aliyeokoka, kwamba meli ililalia upande mmoja kwa upepo na maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya safu ya chini yaliyoachwa wazi. Na ukoo wa Carew, ndugu wa makamu wa amiri aliyefia humo, wakaacha simulizi kwamba mabaharia walikuwa wakaidi wasiotawalika.

Maswali yangu:

Lipi kati ya hayo matatu linasimama mbele ya ushahidi wa mabaki? Na kama tatizo ni umbo la meli, ilisafirije miaka 34 na kupigana karibu na Brest mwaka 1512 bila kupinduka?

Kwa nini waliookoka ni wachache hivyo, wakati ufuko uko karibu na bahari ilikuwa shwari asubuhi yake?

Walijaribu kuiinua mwaka huohuo wakashindwa. Mwaka 1982 wakaweza. Tofauti ilikuwa nini hasa, ukiacha kwamba mashine zimeendelea?

---

Farumi

Swali la kwanza lina jibu refu kidogo, lakini kiini chake ni uzito na mahali uzito ulipokaa.

Meli iliyopigana 1512 na iliyozama 1545 ni mkuku (uti wa chini wa meli) uleule, ila hazikuwa meli moja kwa tabia. Katika ukarabati mkubwa wa miaka ya 1530, ambao kwa kawaida huwekwa 1536, ukubwa wake ulipanda kutoka kama tani 500 hadi 700. Mwanzoni mizinga yake mingi ilikuwa midogo, ya kuua watu sitahani. Baadaye ikawekewa mizinga mizito ya kuvunja meli. Orodha ya Anthony Anthony, ofisa wa silaha wa mfalme, iliyokabidhiwa 1546, inaipa mizinga 91 mikubwa na midogo, askari 185, mabaharia 200 na wapiga mizinga 30. Jumla watu 415, na hao ni wa kawaida. Siku ya vita barua ya balozi inataja watu kama 500. Nyongeza hiyo haikukaa ngamani (chini kabisa ndani ya meli) kwenye farumi (mzigo wa kuituliza meli). Askari wa ziada walisimama juu, kwenye ngome za omo (mbele) na tezi (nyuma), na silaha zao.

Sasa fanya hesabu. Mkuku una urefu wa mita 32 na upana wa meli ni kama mita 11.7. Nusu ya upana ni mita 5.8. Meli ikilala digrii 10, ubavu wa chini unashuka karibu mita 1. Ikilala digrii 15, unashuka mita 1.5. Kwa meli ya matanga digrii 10 ni jambo la kawaida kabisa upepo ukikaza, hasa inapogeuka. Kwa hiyo kila sentimita kati ya kizingiti cha tundu la mzinga na maji ilikuwa na thamani, na kila tani iliyoongezwa ilikula sentimita hizo.

Maji yakishaingia, hakuna muda. Chukua tundu la nusu mita kwa nusu mita, kitovu chake kikiwa nusu mita chini ya maji. Kwa kanuni ya kawaida ya mtiririko, hapo panapita karibu nusu tani kwa sekunde. Ondoa sehemu inayozibwa na mdomo wa mzinga, weka theluthi moja ya tani. Sitaha kuu ilikuwa na matundu 7 kila upande. Yote yakiwa chini ya maji ni zaidi ya tani 130 kwa dakika. Na maji hayo hayatulii katikati. Yanakimbilia upande ulioinama, na meli inazidi kulala kwa uzito wa maji yenyewe hata upepo ukikoma. Pampu za wakati ule zilikuwa za kuondoa maji ya kuvuja, haziwezi kitu hapo.

Ushahidi wa chini ya bahari unaafikiana na Mflemi wa balozi kwa jambo moja zito: mabaki yamelala ubavu wa kulia, na matundu ya ubavu huo yalikutwa vifuniko vimefunguliwa na mizinga imesukumwa nje. Meli iliingia majini ikiwa katika hali ya kupiga.

Wengi huuliza: si wangefunga tu? Fikiria kazi yenyewe. Kifuniko kimefungwa bawaba juu, kinainuliwa kwa kamba kutoka ndani. Huwezi kukishusha mdomo wa mzinga ukiwa nje. Lazima kwanza mzinga uvutwe ndani. Mizinga mikubwa ya shaba nyeusi ilizidi tani moja bila kuhesabu gari lake la magurudumu manne. Meli ikiwa sawa, watu kadhaa na kapi wanauvuta. Meli ikiwa imelala upande huohuo, sitaha imekuwa mlima na mzinga uko bondeni, unavuta kwenda nje. Mzinga huo huwezi kupanda nao. Ilipasa mizinga ivutwe na vifuniko vishushwe kabla ya kugeuza, na amri hiyo ama haikutolewa ama haikufika.

Msimamo wangu: mizinga ya upande wa kulia ilipigwa, meli ikaanza kugeuka ili itumie upande wa pili, dhoruba fupi ya upepo ikaikuta katikati ya kugeuka na matundu wazi. Uzito wa ziada ndio uliofanya kosa dogo la muda liwe la mwisho.

---

Maji_Kujaa

Farumi umeeleza vizuri, ila usiwafute Wafaransa haraka hivyo.

Tuangalie mchana wenyewe. Asubuhi upepo ulikuwa haba. Amiri Claude d'Annebault alikuwa na meli zaidi ya 200 dhidi ya kama 80 za Waingereza. Muhimu zaidi, alikuwa na merikebu za makasia zilizoletwa kutoka Mediterania. Hizo hazisubiri upepo. Zilibeba mzinga mzito omoni, chini karibu na maji. Zinaisogelea meli ya matanga iliyokwama, zinapiga ubavu kwenye usawa wa maji, zinageuka na kuondoka. Kwa saa kadhaa Waingereza walikuwa kwenye hali hiyo mbaya, mpaka upepo ulipoinuka mchana wakatoka.

Sasa, ubavu wa kushoto wa Mary Rose haupo. Umeliwa. Kilichobaki ni kama asilimia 40 ya meli, karibu yote ya upande wa kulia. Anayesema "hakuna tundu la risasi kwenye mabaki" anasema kweli kuhusu nusu ya meli tu. Risasi ikiingia ubavu wa kushoto karibu na maji, meli inachukua tani kadhaa ngamani bila mtu wa sitaha ya juu kujua. Inakuwa nzito na legevu, na ikigeuka tu inalala zaidi ya ilivyozoea. Hesabu yako ya digrii 10 na 15 inaanzia pabaya zaidi.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Du Bellay alikuwa mtu wa jeshi aliyeandika baadaye kwa fahari ya upande wake, na hakukaribia meli. Nasema tu kwamba maelezo ya balozi na ya Mfaransa yanaweza yote kuwa na kweli ndani yake.

---

Farumi

Maji_Kujaa, hilo la ubavu wa kushoto nalikubali: haliwezi kuthibitika wala kukanushwa. Ninachopima ni kipi kinahitajika ili meli izame. Matundu wazi yanatosha peke yake. Risasi ya Mfaransa haitoshi bila matundu wazi, kwa sababu meli ya mbao iliyotobolewa sehemu moja huzama polepole ikipigwa pampu na kuzibwa, haipinduki ghafla ikiwa imekaza matanga.

Kuhusu "mabaharia wakaidi". Simulizi ni kwamba Sir Gawen Carew alipita karibu na meli yake akamuuliza mpwa wake, Sir George Carew, kulikoni, akajibiwa kwa sauti kwamba amepata watu asioweza kuwatawala. Hiyo iliandikwa na John Hooker miongo baadaye, kwenye maisha ya ndugu mwingine wa ukoo huohuo. Ukoo uliompoteza kamanda una sababu ya kuelekeza lawama kwa wafu wasio na majina. Mimi siiamini sana. Mifupa haionyeshi kundi la hovyo: kuna mabega na migongo yenye alama za watu waliovuta upinde mzito tangu utotoni. Pinde nzima 137 zimeopolewa, nyingi zikikaribia urefu wa mita 2, na makadirio ya nguvu ya kuzivuta ni kuanzia kilo 45 hadi zaidi ya 80. Mtu asiye na nidhamu ya mazoezi haivuti hiyo hata mara moja.

Kinachoweza kuwa na uzito ni lugha. Utafiti wa kemikali kwenye meno ya watu 8 wa meli hiyo, uliotolewa 2021, ulionyesha kwamba baadhi yao huenda walikulia nchi zenye joto zaidi ya Uingereza. Amri ya kufunga matundu ikipita kelele za mizinga na lugha mbili, sekunde zinapotea. Lakini hilo nalo ni dhana, na upepo haukuhitaji msaada wake.

---

Mkalafati

Swali la pili, la waliookoka. Barua ya balozi inasema kati ya watu 25 na 30 tu. Sababu ni tatu na zote ziko kwenye mbao.

Kubwa kuliko zote ni wavu. Sehemu ya kati ya sitaha ya juu na sehemu ya ngome ya tezi zilifunikwa wavu wa kamba nene, kuzuia adui asirukie ndani meli zikigusana. Ni kinga nzuri sana dhidi ya Mfaransa mwenye panga. Meli ikizama, wavu huohuo unageuka dari. Mtu anaelea mpaka chini ya kamba na kuishia hapo. Waliotoka ni waliokuwa juu ya wavu, hasa waliokuwa milingotini. Kina pale ni kama mita 11 maji yakipwa, kwa hiyo vichwa vya milingoti vilibaki nje ya maji. Mchoro uliochongwa 1778 kutokana na picha ya ukutani ya jumba la Cowdray unaonyesha hivyo hasa: milingoti miwili imechomoza na watu wachache wameishikilia. Picha yenyewe iliteketea jumba lilipoungua 1793, tumebaki na mchoro.

Ya pili ni ngazi. Kutoka ngamani hadi hewani unapita sitaha baada ya sitaha kwa ngazi nyembamba. Meli ikilala digrii 60 ngazi inakuwa fimbo iliyolazwa. Mifupa mingi ilikutwa karibu na njia hizo.

Ya tatu ni vitu vilivyofunguka. Jiko lilikuwa ngamani: majiko mawili ya matofali, kila moja na sufuria lake la shaba, moja la lita 360 na jingine la lita 600. Matofali yaliporomoka, na sufuria la lita 360 likarushwa hadi sitaha iliyo juu ya ngama. Kama sufuria la ukubwa huo liliruka, mizinga ya upande wa juu, mapipa na risasi vilishuka juu ya watu waliokuwa upande wa chini.

Waliopatikana kwa mifupa ni watu wasiopungua 179, wengi vijana chini ya miaka 30. Na mbwa mmoja mdogo wa kukamata panya, karibu na chumba cha fundi seremala. Kwa muda mrefu alidhaniwa jike, mpaka vinasaba vikaonyesha ni dume.

---

Amari_Nne

La kuinua meli 1545 mara nyingi hupitwa kwa sentensi moja, na ni sehemu nzuri sana. Tuna orodha ya vifaa aliyoiandaa Charles Brandon, mtawala wa Suffolk, siku chache baada ya kuzama: meli mbili kubwa za kubebea na mashua nne kubwa, amari (kamba kuu za meli) 5 nene kuliko zote zinazopatikana, kamba nene 10, magurudumu 10 mapya ya kuvutia kamba pamoja na kapi 20, kapi nyingine 50 zilizofungwa chuma, vikapu vya farumi dazeni 5, shahamu paundi 40, mabaharia wa Venice 30 na seremala wao mmoja, na Waingereza 60 wa kuwasaidia.

Mbinu ni ya zamani na ni sahihi. Unaweka meli mbili tupu, moja kila upande wa iliyozama. Walitumia Jesus of Lübeck na Samson. Unapitisha amari chini ya mkuku, unazikaza maji yakiwa yamepwa kabisa. Maji yakijaa, meli mbili zinapanda na ya katikati inapanda nazo. Unaivuta kuelekea ufukoni hadi ikwame tena, unasubiri maji kupwa, unakaza upya. Nguvu yote ni ya bahari, binadamu anakaza kamba tu.

Ilishindikana kwa sababu hatua ya kwanza haikuwezekana. Mary Rose ilikuwa imelala digrii 60 na kuzama ndani ya tope laini hadi kufikia udongo mgumu. Huwezi kupitisha amari chini ya mkuku uliozikwa bila kuchimba, na hawakuwa na njia ya kuchimba kwenye kina kile. Wakajaribu kwanza kuisimamisha kwa kuvuta milingoti. Mzigo wa mizinga, farumi na tope lililoingia ndani ulishinda nguvu ya mlingoti, ukavunjika. Mlingoti umetengenezwa kubeba tanga, haukuwahi kuwa mtaimbo wa kung'olea meli. Tanga na foromali (miti ya kushikilia tanga) walizipata, basi.

Miaka iliyofuata kazi ikapunguzwa kuwa kutoa mizinga tu. Aliyepewa ni Mveneti Piero Paolo Corsi, na aliyeongoza wazamiaji wake alikuwa Mwafrika, Jacques Francis, mzaliwa wa kisiwa cha Arguin kwenye pwani ya Mauritania ya leo. Alipiga mbizi kwa pumzi yake kwenye maji ya Solent yenye mkondo na giza. Corsi aliposhtakiwa kwa wizi wa mali ya meli nyingine, Francis alitoa ushahidi mbele ya Mahakama Kuu ya Bahari mwaka 1548, na wapinzani walijaribu kuutupa kwa kudai kwamba yeye ni mtumwa tu. Mahakama iliupokea. Historia ya meli hii haijakamilika bila jina lake, na inasikitisha kwamba wengi wanaoisimulia humruka.

---

Tezi_na_Omo

Asanteni sana wakuu, la Jacques Francis sikulitarajia kabisa. Bado 1982. Na jingine lililoongezeka: kwa nini upande wa kulia ulibaki na wa kushoto ukaisha, wakati ni mbao zilezile?

---

Mkalafati

Nianze na hilo la mwisho.

Meli ikilala ubavu ndani ya tope, mkondo wa Solent unachimba pande zake na kujaza ndani. Upande wa kulia ulijaa na kufunikwa udongo mwembamba usiopitisha oksijeni. Bila oksijeni hakuna fangasi wala wadudu wanaokula mbao. Upande wa kushoto ulibaki umesimama ndani ya maji ya bahari, ukaliwa na wadudu wa mbao na kuvu, ukadhoofika, ukaporomoka. Baadaye tabaka gumu la udongo na makombe likaziba kila kitu. Mwaloni uleule, fundi yuleyule, tofauti ni oksijeni.

Mwaka 1836 nyavu za wavuvi zilikwama kwenye mbao zilizochomoza. John Deane akashuka kwa kofia ya kuzamia akatoa mizinga ya shaba nyeusi iliyotambulika kwa maandishi ya Henry VIII, halafu mahali pakasahaulika tena. Utafutaji mpya ulianza 1965 chini ya Alexander McKee na wazamiaji wa kujitolea. Mwaka 1967 sona (kifaa cha kupima kwa mawimbi ya sauti) ilionyesha umbo geni chini ya tope, na tarehe 5 Mei 1971 mataruma (mbavu za meli) yakaonekana kwa macho. Kuanzia 1979 hadi 1982 walipiga mbizi karibu mara 28,000, watu zaidi ya 500, wakiongozwa na Margaret Rule. Walichimba kwa mabomba ya kunyonya tope na kuandika kila kipande kilikokaa. Vitu zaidi ya 19,000 vilitoka.

Tofauti na 1545 inaanzia hapo. Hawakuinua meli iliyojaa. Walitoa kila kitu ndani yake kwanza, hata mbao za sitaha na kuta za vyumba zikang'olewa kipande kwa kipande na kupandishwa zenyewe, kubakiza ganda. Kisha wakafanya kuinua kuwe hatua tatu, kila moja na hatari yake.

Kwanza, fremu ya chuma yenye miguu minne ilisimamishwa juu ya mabaki. Ganda likafungwa kwenye fremu kwa nyaya nyingi zilizoshikwa na boliti zilizopenya mbao, ili uzito usambae. Wangetumia amari chache kama za Suffolk zingelikata ganda vipande. Fremu ikapandishwa kwa jeki za haidroliki sentimita chache chache. Lengo la mwendo huo wa konokono ni tope: ukivuta ghafla, mnyonyo wa udongo chini ya ganda unashinda boliti. Ukivuta polepole maji yanapata nafasi ya kuingia na mnyonyo unaachia.

Pili, ganda likiwa limening'inia chini ya fremu, bado majini, lilihamishwa na kreni ya Tog Mor na kulazwa kwenye susu (kitanda cha kubebea) la chuma lililotandikwa mifuko ya kulinda mbao. Majini ganda ni jepesi, kwa hiyo kuhama kote kulifanywa kabla ya kutoka nje.

Tatu, tarehe 11 Oktoba 1982, fremu, ganda na susu vilitoka pamoja. Hapo ndipo pini ya kona moja ya fremu ilipoachia na kona hiyo kushuka kama mita moja kwa kishindo juu ya mbao, televisheni zikionyesha moja kwa moja. Susu ndilo lililookoa kazi. Uzito ulikuwa umeshalala juu yake, kwa hiyo fremu kuteleza hakukuangusha meli.

Baada ya hapo ndiyo kazi ndefu. Ubao uliokaa kwenye tope miaka 437 unaonekana mzima, lakini bakteria wamekula selulosi nyingi na kubakiza lignini, na nafasi imejaa maji. Ukiuacha ukauke, maji yanapoondoka yanavuta kuta za seli, zinaporomoka, ubao unasinyaa na kujikunja. Kwa hiyo tangu 1982 meli ilinyunyiziwa maji baridi mfululizo, baridi ikipunguza kasi ya fangasi na bakteria. Mwaka 1985 ikageuzwa kusimama. Mwaka 1994 wakaanza kunyunyizia PEG, nta inayoyeyuka majini. Kwanza ile ya molekuli ndogo, inayopenya hadi kiini cha mbao kilicho kizima. Kisha ya molekuli kubwa, inayojaza na kukaza tabaka la nje lililooza. Ukianza na kubwa unaziba mlango na kiini hakipati kitu. Mwaka 2013 mabomba yalifungwa, jumba jipya la makumbusho likafunguliwa mwaka huohuo, na ukaushaji kwa hewa iliyopimwa ukaendelea.

---

Maji_Kujaa

Ongeza hapo tatizo la salfa, maana ndilo linalowasumbua hadi leo. Kwenye tope lisilo na oksijeni bakteria hutoa haidrojeni salfaidi. Boliti za chuma za meli zilioza na chuma chake kikaenea kwenye mbao. Viwili hivyo vikikutana vinajificha ndani ya ubao bila madhara mpaka hewa iingie. Oksijeni ikifika, vinageuka asidi ya salfuriki, na asidi inakula selulosi iliyookoka bahari. Ndiyo maana kukausha kwenyewe kunafungua mlango wa adui mwingine, na wakafanya utafiti wa chembe ndogo sana za kabonati ya stronti za kuitafuta hiyo salfa na kuituliza kabla haijawa asidi.

Risasi za chuma nazo zina hatari yake. Zimejaa chumvi ya bahari ndani ya matundu madogo ya chuma. Ukiitoa risasi majini na kuiweka mezani ikauke, kloridi inaanza kazi na tufe linapasuka magamba kama kitunguu. Kanuni kwa yeyote anayeshughulika na chuma cha baharini: kikitoka majini kinaingia majini, kwenye pipa la maji yenye alkali, na kinakaa humo kikibadilishiwa maji mpaka kipimo cha kloridi kishuke. Baadhi ya risasi za Mary Rose zilizotibiwa miaka ya 1980 zilianza kuoza upya zikiwa kwenye maonyesho, kwa hiyo hata matibabu yaliyokamilika yanahitaji hewa kavu na kupimwa tena mara kwa mara.

---

Farumi

Tezi_na_Omo, ukipanga hoja yako, tenganisha makundi mawili. Yaliyopimwa kwenye mabaki: ubavu wa kulia, vifuniko wazi, mizinga nje, ulalo wa digrii 60, jiko lililoporomoka. Yaliyosemwa na watu: Mflemi, du Bellay, Carew. Mflemi peke yake ndiye aliyekuwa ndani ya meli, na peke yake ndiye maneno yake yamekutana na mbao. Mpe uzito unaolingana na hilo, na risasi ya Mfaransa uiweke kama jambo linalowezekana kwenye ubavu ambao haupo tena.